Kisima Kilichokataa Kumeza

Mungu alipogawa hasira nyumbani kwetu, alikosea mizani. Zote alinipa mimi, kaka yangu akaondoka mikono mitupu. Ukimkanyaga kaka yangu, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuwa mguu wake ulikuwa njiani. Nimegombana na watu kwa ajili yake tangu tukiwa shule ya msingi, na sasa nina mvi, bado nagombana. Kwa hiyo msomaji asitegemee kwamba habari za mtu mpole nitazisimulia kwa upole. Upole ndio uliotufikisha hapa.

Kaka ni fundi pampu. Alianza ujana wake kwenye pampu za maji ya mji, akahamia kiwanda cha saruji, na kiwanda kilipochimba kisima kirefu cha kuzika hewa ukaa, pampu ya kisima hicho alikabidhiwa yeye. Nieleze kidogo, maana hata majirani zetu walichukua muda kuelewa. Tanuri la saruji hutoa moshi, na ndani ya moshi mna hewa ukaa, ileile tunayoitoa puani, ila ya tanuri ni nyingi mno na inazidi kuipasha dunia joto. Badala ya kuachiwa ipae, inanaswa, inachanganywa na maji mpaka yanatoa mapovu kama soda, kisha inasukumwa chini kabisa ardhini, kwenye mwamba wenye vitundu, ikae huko isirudi. Watu hudhani kazi kubwa ni kuchimba. Kuchimba ni mara moja. Kazi ni kusukuma kila siku, bila kusukuma zaidi ya mwamba unavyoweza kuvumilia, kwa sababu mwamba ukipasuka huko chini hakuna fundi wa kwenda kuuziba.

Ndiyo maana geji ya presha ina mstari mwekundu. Mshale ukigusa mstari, unapunguza pampu, basi. Kaka aliuheshimu mstari ule. Lakini geji peke yake haikumtosha. Ana tabia ya kuweka kiganja juu ya bomba, kuinamisha kichwa na kufumba macho, akisikiliza mwendo wa maji ndani. Asiyemjua akimkuta hivyo ataapa kwamba amesinzia. Wenzake, kwa utani wa kazini, wakamwita Lala Salama. "Lala Salama, chai tayari!" "Msimwamshe Lala Salama, anaota pensheni!" Naye hucheka tu, na macho hayafumbui mpaka amalize. Mafundi wote pale walijua kwamba yule bwana akifumba macho ndipo anapokuwa macho.

Mimi nafanya kazi hapohapo, upande wa maabara. Pembeni ya kisima kikubwa kuna kingine chembamba cha kuchungulia, na mimi hupima maji yanayotolewa humo, ili tujue hewa tuliyoizika inafanya nini huko ilikozikwa. Chumba changu kina meza mbili, sinki, jokofu linalonguruma, na dirisha linalotazama banda la pampu. Saa ya chai kaka alikuwa akija na kikombe chake na kusimama mlangoni. Haingii, kwa sababu viatu vyake vina grisi na sakafu yangu nimeipiga deki. Hata mlangoni penyewe atasema, "Samahani, nakuzibia mwanga."

Mambo yaliharibika polepole. Kisima kilichokuwa kinameza bila kusita kikaanza kukaba, na mshale wa geji ukawa unapanda hata pampu ikienda taratibu. Kwa shida hiyo kulikuwa na dawa. Ni unga wa gundi ya mmea fulani, unakorogwa kwenye tangi mpaka uwe mzito, na wafanyakazi waliuita uji. Uji ukisukumwa chini unakomba uchafu, na kisima kinapumua. Kweli, kilipumua. Baada ya muda kikakaba tena, wakakipa uji tena. Ikawa ndiyo desturi ya pale: kisima kikikaba, kipe uji. Kila mara kilikaba upesi kuliko mara iliyotangulia, na kila mara wakaongeza uji. Hakuna aliyejiuliza ni ugonjwa gani huu unaonenepa kwa dawa.

Maabara nako tulikuwa na desturi yetu, tena ya kijinga zaidi. Chupa za kuchukulia maji ya kisima huwekwa asidi kidogo kabla ya kujazwa, ili madini yaliyomo yasigande kwenye kuta za chupa. Kwa madini, sawa. Lakini asidi hiyohiyo inaua kila kilicho hai ndani ya maji kabla hakijafika mezani kwangu. Halafu mkuu wetu wa maabara anachukua tone la maji yale, anainamia hadubini, anainuka na kutangaza: chini hakuna uhai. Ni sawa na kumwaga maji ya moto kwenye kichuguu, kisha ukasema eneo hili halina mchwa.

Siku moja asidi iliisha stoo, na chupa zikaja bila asidi. Mkuu hakuwepo. Niliijaza moja pomoni, isibaki nafasi ya hewa hata ya kupumua sisimizi, kwa sababu viumbe wa huko chini hewa yetu ni sumu kwao, nikaiziba kwa mpira na kuiweka kwenye kabati la joto. Ilikaa humo hata nikaisahau. Nilipoitoa, maji yalikuwa na ukungu, na chini ya chupa umelala ute mweupe kama kamasi. Nikaweka tone chini ya hadubini. Loo! Walikuwa wamejaa tele, wengine kama vijiti, wengine kama punje, wamejikumbatia ndani ya ute wao. Nikaanzisha chupa nyingine na kuidondoshea uji kidogo. Hiyo ilijaa ute mpaka shingoni.

Hapo nikaelewa, na hadi leo sioni kilichokuwa kigumu kueleweka. Wale vijidudu walikuwepo mwambani kabla ya kiwanda, kabla ya babu zetu, wakiishi kwa njaa na subira. Sisi tukawashushia hewa ukaa, ambayo baadhi yao wanajua kuitumia kujenga miili yao. Juu ya hiyo tukawakorogea uji. Wakala, wakazaana, wakajifunika ute, na ute ukaziba chujio la bomba na vitundu vya mwamba. Tena hawakuwa wabaya wote. Chini ya chupa yangu kulikuwa na chengachenga nyeupe za chokaa. Maana yake wengine walikuwa wanayabadili maji yaliyowazunguka hata hewa tuliyoizika ikashikana na madini na kuwa jiwe. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitaka, hewa igeuke jiwe isitoke tena milele. Ila walilifanya mlangoni pa kisima badala ya kulifanya mbali huko ndani, kwa sababu chakula tuliwawekea mlangoni.

Nikampelekea mkuu wa maabara ile chupa. Aliiinua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Hii chupa uliiosha?"

"Niliiosha, mkuu. Nimezichemsha zote."

"Hukuiosha vizuri. Huko chini ni joto, giza na chumvi. Ataishi nani huko?" Akacheka kidogo. "Hawa vijidudu ni wa kwenye sinki lako."

Miaka yote niliyosugua sinki lile! Nilimwomba aruhusu chupa moja tu nyingine isiyo na asidi, achukue yeye mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe iliyonawishwa. Akasema utaratibu ni utaratibu. Nilipomweleza kaka mlangoni saa ya chai, yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama kikombe chake.

"Kwa hiyo tunawapikia," alisema.

"Ndiyo, kaka. Mnawapikia."

Aliamini palepale. Hakuona hadubini, hakuona chupa, aliniamini tu kwa kuwa nimesema. Alikwenda kwa msimamizi wake kuomba uji usitishwe kwanza, akaambiwa afunge domo na afanye kazi iliyomleta. Akasema samahani, akarudi kwenye pampu. Mimi ningepindua meza.

Kisha akaja meneja mpya. Alikuwa na haraka, huyu, ya kuonyesha kwamba hewa nyingi inazikwa. Akatazama zamu moja moja na kugundua kwamba zamu ya kaka inazika kidogo kuliko nyingine zote. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuiona: mshale ulipogusa mstari mwekundu kaka alipunguza pampu, na wenzake walifumba jicho wakaendelea kusukuma. Yeye aliyetii kanuni akaonekana ndiye mvivu. Meneja akaamua kwenda kujionea. Akaingia kwenye banda mchana kweupe, akamkuta kaka kiganja juu ya bomba, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Alitoa simu, akampiga picha.

Kesho yake, kwenye mkutano wa wafanyakazi getini, akaizungusha ile picha watu waone. "Mnajiuliza kwa nini kisima hakimezi? Huyu hapa, anafunga pampu apate kulala. Na ninyi mnajua. Mmempa hadi jina. Mnamwita nani? Semeni!" Watu wakatazama viatu vyao. "Lala Salama!" akajijibu mwenyewe, na mmoja au wawili wakacheka, kwa sababu bosi akifanya mzaha lazima apatikane wa kucheka. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema, jamani, huo ulikuwa utani. Nami nilikuwa upande wa pili, kwenye maji yangu. Nimekuja kuambiwa kaka alipokuwa ameshatolewa nje ya geti. Kama ningekuwepo, leo ningekuwa natafuta kazi mimi.

Sasa nije kwa Mjomba. Mama alipofariki tukiwa wadogo, ndugu yake huyu ndiye aliyetulea, akatusomesha, na hatuna cha kumlipa. Namheshimu. Lakini Mjomba ana dawa moja tu kwa kila ugonjwa wa duniani, nayo ni kuomba radhi. Ukigombana na jirani, omba radhi. Ukiibiwa, omba radhi kwa kupiga kelele. "Funika kombe mwanaharamu apite," ndiyo dini yake. Basi kaka aliposimamishwa kazi, Mjomba akaja, akaketi sebuleni kwa kaka na sisi tukaketi. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, macho yamemvimba. Kibarua chake cha ushonaji kisingeweza kuilisha nyumba ile, na wote tulijua.

"Mjomba," mzee akamwita kaka, maana ndivyo wanavyoitana, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Kesho nenda kwa mkubwa wako. Mwambie ulisinzia, uzee, uchovu, shetani. Akusamehe, yaishe."

"Lakini hakusinzia!" nikasema.

"Wewe nyamaza kwanza. Nani kasema alisinzia? Mimi nasema aseme alisinzia. Ni maneno tu. Maneno hayachubui ngozi."

"Mjomba, kaka amefanya kazi maisha yake yote bila doa. Unataka ajipake doa kwa mkono wake? Kosa ni la vijidudu na uji wao!"

"Unasikia?" Mjomba akamgeukia wifi. "Akamwambie meneja kwamba kosa ni la wadudu?"

Wifi aliniangalia mimi, akasema taratibu, "Wifi, wewe una hasira, na mshahara unao. Sisi tutakula hasira?" Lile neno lilinipata. Nilimwambia kaka aniangalie usoni. Hakuniangalia. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza, na nikajua ameshakubali, kwa sababu hajawahi kumkatalia mzee wala mwanamke anayelia.

Akaenda. Alinisimulia baadaye, kwa aibu, neno kwa neno. Alisimama mbele ya meza ya meneja, akashikanisha mikono kwa mbele, akasema: "Nilisinzia, bosi. Naomba unisamehe." Meneja akasema amefurahi kusikia mtu anakiri kosa, ndio uungwana. Akamrudisha kazini. Si kwenye pampu, la hasha. Akampa fagio la uwanja. Pampu akapewa kijana wake aliyekuja naye, mtu wa macho makubwa yasiyopepesa, ambaye wafanyakazi hawakukawia kumwita Macho Kodo.

Mjomba alifurahi. "Si unaona? Kazi ni kazi." Ikawa kila asubuhi nikifungua dirisha langu naona fundi pampu bora kuliko wote niliowahi kuwajua anafagia majani mbele ya banda la pampu yake mwenyewe, na wanaopita wanamwambia "Lala Salama, leo usilalie fagio!" Utani uleule, lakini sasa ulikuwa na meno. Saa ya chai hakuja tena mlangoni kwangu. Nilimfuata mimi, na akaniomba samahani kwamba amekuwa na kazi nyingi.

Macho Kodo hakulala. Hilo nampa, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Alikaa macho kama bundi, akasukuma hadi mshale ukapita mstari mwekundu ukaenda kusimama kusikoandikwa namba. Kisima kikakaba. Wakakipa uji. Kikakaba zaidi. Wakakipa uji mara mbili. Mpira wa kiungo cha bomba ukapasuka, maji ya mapovu yakaruka mpaka paa la banda, na Macho Kodo akatoka mbio amelowa chapachapa. Waliporekebisha wakajaribu tena, kisima hakikumeza hata tone. Mwishowe ikabidi waite winchi, wavute bomba lote, walione.

Siku hiyo kulikuwa na wageni, wakubwa wa kampuni waliokuja kuuliza kwa nini kisima chao kimekufa. Walisimama na helmeti mpya zinazong'aa. Mimi nilitoka maabara bila kuomba ruhusa. Kaka alikuwa ameambiwa asimame karibu na fagio na ndoo, afagie tope litakalodondoka.

Bomba likaja, kipande baada ya kipande, na mwisho likaja chujio. Kwanza ilitangulia harufu, ya yai viza. Halafu tukaona. Vitundu vya chujio havikuonekana kabisa. Lilikuwa limevikwa ute mzito wa rangi ya kijivu, unaning'inia na kudondoka matonge matonge, na chini ya ute kulikuwa na gamba gumu jeupe. Mmoja wa wageni akaligonga kwa bisibisi likalia kama jiwe, kwa sababu lilikuwa jiwe. Mkuu wa maabara akachota ute kwa kijiti, akakimbia nao ndani, akarudi uso unang'aa.

"Bakteria!" akatangaza, kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. "Wako hai, wengi ajabu! Na hili gamba ni hewa yetu, imekwisha kuwa jiwe!"

Wageni wakafurahi. Ghafla haikuwa tena habari ya kisima kuziba. Ilikuwa habari njema, ya vijidudu wanaosaidia kuifunga hewa ukaa chini, na kwamba kumbe uji ndio uliowaweka mahali pabaya, kwa hiyo uji usitumike tena. Meneja akawa anaitikia kwa kichwa, anasema "hasa, hasa", "tulianza kuhisi hivyo". Tulianza kuhisi! Mkuu wa maabara hakunitazama hata mara moja. Vijidudu walisamehewa, wakapongezwa, wakapigwa picha. Nikatafuta kama kuna atakayemtaja mtu aliyeondolewa kwenye pampu kwa makosa yao. Hakuna.

Nikavuka kamba ya usalama. "Meneja," nikasema, "na huyu?"

"Huyu nani?"

"Fundi wako wa pampu. Ulisema kisima hakimezi kwa sababu yeye analala. Hicho hapo kilichoziba kisima. Mwambie basi mbele ya wageni kwamba hakulala."

Meneja akatabasamu, tabasamu la mtu anayemvumilia mgonjwa. "Mama, mambo ya nidhamu ni mengine na mambo ya kisima ni mengine. Huyu mzee alikiri mwenyewe, ofisini kwangu, kwa mdomo wake. Sikumlazimisha. Au nilikulazimisha, Lala Salama?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Sikuwahi. Kaka aliegemeza fagio ukutani, taratibu, lisianguke.

"Sikulala," akasema.

"Lakini ulikiri."

"Nilikudanganya, bosi. Nilikuwa nasikiliza bomba. Nilikuja kwako nikasema nililala kwa sababu nilitaka kazi." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, hakuipandisha. "Kwamba mimi ni mvivu, mliliamini siku hiyohiyo, kwa picha moja. Kwamba chini kuna kitu hai, dada yangu aliwaletea kwenye chupa mkamwambia hajui kuosha vyombo. Mpaka mmekishika. Haya. Kulala sikulala. Uongo nilisema. Kama unafukuza, nifukuze kwa huo."

Wageni walikuwa wanasikia wote. Meneja alipaswa kusema neno moja tu, hata "pole" ingetosha, na najua kaka angelipokea. Badala yake akapandwa na aibu, na watu wa namna yake wakiona aibu hutafuta wa kumpa. "Kumbe uliweza kusimama mbele yangu ukanidanganya," akasema. "Basi siwezi kufanya kazi na mtu mwongo. Rudisha vifaa."

Kaka akavua glavu, akaziweka juu ya ndoo. Safari hii wenzake hawakutazama viatu. Fundi umeme akamshika mkono, mwendesha winchi akashuka akamshika mkono, hata Macho Kodo akaja akasema, "Shikamoo, fundi," neno ambalo hakuwa amewahi kumwambia. Ni jambo jema na lilikuja limechelewa, na sikumshukuru yeyote. Mimi sikufukuzwa. Wanahitaji mtu wa kuwapimia vijidudu, na anayewajua ni mimi. Nitawapimia, na kila siku nitakayomwona meneja nitamuuliza swali lilelile mpaka mmoja wetu ahame.

Tulirudi nyumbani kwake kwa miguu, mchana, saa ambayo hakuna anayetutegemea. Wifi alituona kutoka kwenye cherehani, akasimamisha mguu. Mjomba alikuwa amekuja kusalimia, ameketi sebuleni na kikombe cha chai.

"Mbona mapema?"

"Amefukuzwa," nikasema.

"Amefukuzwa? Lakini si alishasamehewa?" Akatutazama mmoja mmoja. "Amefanya nini tena?"

"Amefukuzwa kwa uongo, Mjomba."

"Uongo? Huyu?" Mzee akakiweka kikombe chini. "Huyu tangu azaliwe hajui kusema uongo."

"Alijua mmoja," nikamwambia. "Ule uliomfundisha wewe."